Je, mvua ina baba?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumatano iliyopita kwenye jumuiya mama mmoja aliniuliza swali. "Mwalimu, mwaka juzi utabiri wa msimu ulisema mvua za wastani hadi juu ya wastani. Nikaacha mtama, nikapanda mahindi. Yakakaukia magotini. Mwaka huu nimsikilize nani, watu wa vipimo au nipige magoti tu?" Nikamjibu harakaharaka, "Vyote viwili, mama." Watu wakacheka, tukaingia kwenye wimbo. Nilikwepa, na mama aliona kwamba nimekwepa. Leo nalipa deni.

Neno la wiki ni 1 Wakorintho 13:9: "Kwa maana tunafahamu kwa sehemu." Wengi wetu tunalisoma kana kwamba Paulo alisema hatufahamu kitu. Nimesikia mahubiri ya kuwakejeli wanasayansi (na niseme ukweli, nimewahi kuyahubiri), kisha wiki hiyohiyo mhubiri yuko kwenye foleni ya eksirei. Paulo anasema tunafahamu. Kidogo, lakini tunafahamu.

Tuanze na maji tunayokunywa hapa mjini. Kwa miaka mingi Dodoma imeishi kwa visima vya bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Kina cha maji ya chini ya ardhi kule kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona katika kumbukumbu za miaka 55. Miaka mingi maji hushuka tu, tunachota bila kurudishiwa. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, maji yanazama ardhini na kina kinapanda tena. Msimu wa 1997/98 ulikuwa mmoja wa hiyo. Mnaukumbuka. Ni El Niño ile iliyokata reli na barabara na kusomba mashamba, tukakesha tukiomba mvua ikome. Kumbe mvua tuliyoiombea ikome ndiyo iliyokuwa ikitujazia visima. Nani kati yetu angelijua hilo kwa kukaa barazani? Lilijulikana kwa sababu kuna watu walioshusha kamba kisimani mwaka baada ya mwaka na kuandika namba, wengine wakastaafu kabla namba hizo hazijasema lolote. Uvumilivu wa namna hiyo mimi nauhesabu kuwa unyenyekevu.

Sasa twende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza, nchi yao ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha kule mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yalikuwepo, wataalamu walikuwepo, fedha zilikuwepo. Ila nchi hii waliikagua kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakiwa angani. Udongo wetu mnaujua: mvua ikikatika, jua likiupiga, unakuwa kama saruji, na karanga lazima ichimbuliwe. Mizizi ya pori ikavunja vyuma, mvua zikakosa, na mwaka 1951 serikali ikaufuta mradi. Watu husema pale sayansi ilishindwa. Sikubaliani nao. Sayansi ingewaambia wapime mvua za miaka mingi kwanza. Wao walikuwa na sehemu mkononi, wakaiita yote.

Mama yangu wa Jumatano, na utabiri nao ni hivyohivyo. Unaposema "juu ya wastani", unasema kwamba kati ya mvua haba, ya kawaida na nyingi, hiyo nyingi ina nafasi kubwa zaidi kidogo ya kutokea, tena katika kanda nzima. Ekari yako mbili haikutajwa. Mvua ya kwetu hunyesha upande mmoja wa korongo ikauacha wa pili. Tena mvua za msimu zinaweza kufika wastani, halafu zikawa zimekosekana wiki tatu zilezile ambazo mahindi yanabeba. Kosa liko kwetu sisi tuliolisikia neno "nafasi" tukalifanya ahadi. Ahadi ina mwenyewe.

Kuna kitu kingine kinanisumbua. Zamani Wagogo walimwendea mtemi kwa ajili ya mvua. Leo tunajua bahari zikipata joto, Pasifiki kule na Bahari ya Hindi upande wetu, mvua hapa inaweza kubadilika. Wapo wanaoona kila jibu la namna hii linampunguzia Mungu nafasi, kama mpangaji anayehamishwa chumba baada ya chumba. Lakini katika Ayubu 38 Bwana anauliza, "Je! Mvua ina baba?" Hata ukiichora njia yote ya mvuke kutoka baharini mpaka Chamwino, swali hilo linabaki palepale. Kipimo cha mvua hakina mdomo wa kulijibu, na aliyekitengeneza hakukusudia kilijibu.

Jana jioni nilipita kwa yule mama. Ameshalima. Sehemu kubwa ataweka mtama na uwele, mahindi kidogo karibu na nyumba, "ya kuchoma tu, mwalimu." Tukasali pale shambani, yeye akaongoza. Akaomba mvua. Akawaombea na wale wanaoamka kusoma kipimo saa tatu kila asubuhi, wasichoke, wasiandike uongo.