Nilivyonunua Jiwe la Jikoni kwa Ndimu na Msumari

Ukiwa na kaunta ya jiwe hapa Kisumu, kila mgeni anayeingia jikoni anageuka fundi. Mmoja anakwambia uisugue kwa siki. Mwingine anaapa kwamba graniti haishiki doa hata ukiimwagia lami. Shemeji yangu, ambaye kaunta yake ya vigae imeng'oka nusu tangu mwaka juzi, ndiye mwenyekiti wao. Nimechoka kubishana. Ninaandika haya niwe namtumia anayeuliza, mimi nirudi kwenye samaki wangu.

Maana kazi yangu ni samaki. Nakaanga ngege na mbuta kwa oda, nyumbani upande wa Mamboleo, na wiki yenye matanga au harusi jikoni hapakaliki. Pana mafuta yanayoruka, ndimu, nyanya, ukwaju, bizari, na sufuria inayotoka motoni ikitafuta pa kukaa sasa hivi, si baadaye. Mbao ilioza pembeni mwa sinki. Terazo niliyowekewa baada ya hapo ilipasuka kabla sijamaliza kuilipia. Nikasema basi, jiwe.

Jirani yangu akataka niweke marumaru nyeupe ili jikoni kupendeze. Kupendeza kungependeza, sikatai. Lakini marumaru ni jamaa ya chokaa, na ndimu ikiigusa inaila. Watu huita lile doa la ndimu uchafu na kulisugua mpaka mkono unauma, kumbe hakuna uchafu pale. Ngozi ya juu ya jiwe imekwisha kuliwa, na hakuna sabuni duniani inayorudisha kilicholiwa. Ni kupiga polishi upya. Mtu anayekamua ndimu bakuli zima kila asubuhi aweke marumaru ya nini?

Kijana mmoja wa dukani naye alinisukumia kwatsi ya kiwandani. Hakunidanganya, ile kweli hainywi maji na haihitaji kupakwa sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya jiwe lisinyonye. Ila ni kokoto za kwatsi zilizosagwa na kugandishwa kwa utomvu wa plastiki, na sufuria yangu ya mafuta ya moto ingeichoma mahali palepale. Kwa mtu wa keki, sawa kabisa. Shemeji yeye alicheka tu: "Mawe yamejaa Kit Mikayi hapo barabara ya Bondo, wewe unanunua mawe ya India!" Nikamwambia akayakate basi, nitamletea chai.

Sasa sikiliza sehemu ninayojivunia.

Niliingia yadi za mawe na vitu vinne mkobani: ndimu, msumari wa chuma, leso nyeupe na kichupa cha asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Sikuangalia majina. Wenye yadi wanaita graniti karibu kila jiwe linalong'aa, na lile jeusi tii tunalolipenda sote, mara nyingi wataalamu wa miamba wana jina lingine kabisa kwalo. Wala si vibaya, jeusi la kweli ni gumu na halinywi maji ovyo. Ubaya ni kwamba lipo pia jiwe la kijivu la bei ya chini linalopakwa rangi likawa jeusi, likauzwa bei ya jeusi. Miezi kadhaa ya jua la dirishani na mafuta ya jikoni, linaanza kurudi kijivu, vipande vipande.

Yadi ya kwanza, muuzaji mchangamfu, suruali imepigwa pasi. "Madam, hii ni orijino." Nikaomba kipande kilichobaki pembeni, maana huwezi kuanza kukwaruza jiwe zima la mtu. Nikakipangusa kwa maji kwanza, kusudi asije akasingizia vumbi. Nikamwaga asetoni kwenye leso, nikasugua. Leso ikatoka nyeusi. Yule bwana akaitazama leso, akanitazama mimi, akasema, "Hiyo ni vumbi." Nikapangusa tena kwa maji, nikageuza upande safi, nikasugua tena mbele ya vijana wake wa kupakia. Nyeusi. Kijana mmoja akacheka akajifanya anakohoa. Niliondoka pole pole kabisa, nisije nikaonekana nimefurahi.

Yadi iliyofuata nilioneshwa jeupe lenye mawimbi ya kijivu, "graniti nyeupe, adimu hiyo". Nikakamua ndimu juu ya kipande, nikaomba kiti. Mwenye yadi akauliza kama nataka kukikaanga. Tukaongea bei ya mafuta na habari za ziwa. Baada ya robo saa hivi nikapangusa, nikainamisha kipande kuelekea mwanga, na pale penye ndimu pamefifia, pote pengine panang'aa. Msumari nao ukachora mfereji bila shida. Marumaru hiyo, babu. Jiwe gumu ukilikwaruza kwa msumari, msumari ndio unaoliwa: unabaki mstari wa kijivu wa chuma ambao unaufuta kwa kidole.

Jiwe langu nililipata kwa mzee asiyeongea sana. Black Galaxy, lile jeusi lenye vimulimuli vya rangi ya dhahabu, linalochimbwa Andhra Pradesh kule India. Ndimu hakuna, leso nyeupe pee, msumari ukaaibika. Tone la maji nililoliacha likabaki limekaa juu, halikuacha kivuli. Bei ilikuwa kama elfu kumi na kitu kwa mita, na nilikwepa kununua jiwe zima kwa kuuliza neno ambalo watu huona aibu kuliuliza: mabaki. Kila yadi ina vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu wakubwa. Upande mrefu wa kaunta yangu ulitoka kwenye jiwe jipya, upande mfupi ukatoka kwenye mabaki ya jiwe hilohilo, na mzee akaniongezea kipande cha graniti hafifu, rangi ya maziwa yenye chengachenga, kwa bei ya kutupa. Hicho nikakiweka kona ya chapati. Kina kisa chake, nakuja.

Kusafirisha ndiko kulikonipandisha presha. Jiwe la unene wa milimita 20 lina uzito wa kilo hamsini na kitu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ule upande wangu wa urefu wa mita tatu ulikuwa karibu kilo mia. Vijana wakataka kulilaza kwenye pikapu, juu ya matairi. Nikasimama mlangoni mwa gari. Jiwe hubebwa na kusafirishwa wima, kama kioo cha dirisha. Ukililaza, uzito wake wenyewe unalikunja, tuta la kwanza tu linavunjika katikati, na watakwambia lilikuwa na ufa tangu India. Tukalisimamisha, tukalifunga kwenye fremu ya mbao, na dereva akaendeshwa na macho yangu mpaka nyumbani.

Fundi alikuwa hodari ila ana haraka. Alitaka kiungo cha vipande viwili kiangukie kwenye sinki, apunguze kukata. Nikakataa, sinki ndipo penye maji na ndipo jiwe jembamba zaidi. Kiungo kikae konani, mbali. Akataka pembe za tundu la sinki ziwe kali. Nikamwambia azitoboe mviringo kwanza ndipo akate, maana ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. "Mathe, ulisomea wapi hii kazi?" Nilisomea kwa kuvunjikiwa terazo, nikamjibu. Kisha akawasha grainda kavukavu, bila kitambaa puani, uani kwangu kukawa kweupe. Lile vumbi lina silika, yale madini ya mchanga, na silika ikiingia mapafuni haitoki, inayakausha polepole. Nilileta mpira wa maji nikaushika mwenyewe mpaka akamaliza. Alinuna. Akinuna anapumua, hiyo inatosha.

Kupachika hakuna cha kueleza. Chini pawe sawa, pawe imara, basi.

Haya, kona ya chapati. Msichana wangu wa kazi aliacha mtungi wa mafuta unaovuja juu ya lile jiwe la rangi ya maziwa usiku kucha, na asubuhi pakawa na duara la hudhurungi upana wa sahani. Hapo ndipo mabaraza ya ushauri yalipofunguliwa. Sabuni ya unga na brashi: hakuna. Jirani akasema jiki. Ile inashughulika na rangi, mafuta yanaitazama tu. Shemeji akaja mwenyewe na chupa ya siki na soda ya kuokea, akavichanganya juu ya jiwe, povu likapanda, akasimama na mikono kiunoni, kidume kamili. Povu likashuka. Doa lipo. Siki na soda zikikutana zinauana zenyewe, kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Akasema tungoje ikauke. Ikakauka. Doa lipo, na sasa lina ukungu mweupe juu.

Mafuta yakishaingia ndani ya jiwe hayasuguliki kutoka juu. Lazima yavutwe. Unahitaji kitu cha kuyayeyusha na kitu cha kuyanyonya, na mimi nilijua unga unaonyonya unauzwa wapi: soko la Kibuye, kwa akina mama wanaouza odowa. Ndiyo, ile ile wanayotafuna wajawazito. Ni udongo laini mkavu, weka ulimini uone unavyoshika mate. Nilichagua nyeupe kabisa, maana yenye wekundu ina kutu ndani yake na ingenipa doa la pili. Muuzaji akanitazama tumbo, akanitazama uso, akahesabu umri wangu, akanyamaza. Nikasema ni ya jiwe. Nadhani hiyo ilimtia wasiwasi zaidi.

Nikaiponda kwenye kinu, nikaichekecha, nikaikanda na asetoni mpaka ikawa nzito ya kupakika kwa kijiko. Madirisha wazi, gesi imezimwa, jiko la makaa nje, maana asetoni inashika moto hata kwa cheche. Nikapaka unene wa kidole, nikavuka mpaka wa doa kidogo, nikafunika kwa nailoni na kubandika pembeni kwa selotepu, nikatoboa vitundu vichache kwa pini. Nikaiacha hadi kesho yake, nikatoa nailoni, nikaacha udongo ukauke wenyewe. Hapo kwenye kukauka ndipo wengi wanapoharibu, wanabandua bado mbichi. Unapokauka ndipo unapovuta. Nilipoubandua kwa kipande cha plastiki, chini yake ulikuwa na manjano, na doa limefifia nusu. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka hata mimi mwenyewe nikawa nalitafuta. Shemeji alipokuja Jumapili nilimwomba anioneshe lilipokuwa. Akaonesha pasipo.

Baada ya hapo ndipo nikalipaka sila, lile hafifu peke yake. Jeusi silipaki. Kuna fundi aliniambia nipake kila mwezi kote. Jiwe lisilonyonya ukilipaka sila, sila inabaki juu na kuwa ukungu wa michirizi. Tone la maji ndilo linaloamua: likiacha kivuli cheusi baada ya dakika kumi hivi, paka, likikaa tu, hifadhi pesa yako.

Kuosha kwa kila siku ni maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo matone machache, kisha kukausha kwa kitambaa. Siki sitaki kuiona. Graniti haitayeyuka, lakini inamaliza sila, na kwenye marumaru ni msiba. Maji ya kisima yakikauka karibu na bomba yanaacha chaki nyeupe, naikwangua kwa wembe uliolazwa. Damu ya samaki na bizari nafuta papo hapo, hasa upande wa maziwa. Sufuria ya moto graniti inavumilia, ila mimi huiweka juu ya bamba la jiwe la Kisii nililonunua Tabaka. Lile ni laini, kisu kinalichora, na kuna mtu alitaka nitandaze kaunta nzima kwa hilo. Kwa kuwekea sufuria halina mpinzani: moto haulitishi, ndimu hailili, na likichoka unalipiga msasa na kulipaka mafuta.

Sasa hivi kilichobaki ni silikoni ya kuzunguka sinki, imeanza kuwa nyeusi upande wa bomba na inataka kukatwa na kuwekwa mpya. Nimempigia fundi simu, hashiki. Nadhani anaogopa nitamshikia tena mpira wa maji.