Sevu Iliyokata Kichwa cha Grafu

Saa mbili asubuhi, uwanja wa tenisi wa saruji, Dar es Salaam. Tulikuja kupima sevu ya kijana mmoja, yaani pigo la kuanzisha mchezo. Kihisi cha mwendo cha kwanza tulikibandika chini ya kiuno, pale uti wa mgongo unapoishia. Cha pili kwenye mfupa wa kidari. Cha tatu juu ya kiwiko. Cha nne kwenye kigasha, karibu na kifundo cha mkono, pasipo na nyama. Plasta kwanza, bandeji juu yake. Kwa jasho la pwani, plasta peke yake haifiki mbali.

Kijana akasimama wima sekunde 10 bila kutikisika ili jairoskopu, vipima kasi ya mzunguko vilivyo ndani ya vihisi, zipate sifuri, kisha akaruka: kishindo cha kutua ndicho kinacholinganisha saa za vihisi vyote. Dira ya ndani ya vihisi tuliizima, maana uzio na nguzo za wavu ni chuma na huipotosha. Data ilibaki ndani ya vihisi vyenyewe. Kuirusha kwa bluetooth hewani ni kutafuta balaa, mwili ukigeuka tu mawimbi yanakatika.

Sevu ya kwanza, grafu ya kigasha ikapanda, ikagota digrii 2,000 kwa sekunde, ikanyooka bapa, ikashuka.

"Unaona?" kocha akasema. "Mkono unakwama hapa."

"Hapana, kocha. Kilichokwama ni kihisi."

Jairoskopu nyingi za bei nafuu zinaishia hapohapo 2,000. Wanaume waliopimwa kwa kamera kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 walizungusha bega kwa wastani wa 2,420, wanawake 1,370. Tukaweka kihisi cha 4,000, kinachosoma mara 1,000 kwa sekunde. Kwa mara 100 usomaji huja kila milisekunde 10, na mpira hugusa raketi kwa takriban milisekunde 5: tukio zima linaweza kupita katikati.

Kilele sasa kikaonekana chote. Ila mimi nilikuwa natazama kwingine. Nyonga inapaswa kufika kileleni kwanza, kifua kifuate, ndipo mkono. Kwa huyu, nyonga na kifua vilifika karibu pamoja, kwa kuwa alirusha mpira chini mno na kuuwahi kwa haraka. Cha juu ya kiwiko sikukitegemea. Ngozi ya pale huteleza, mfupa unatangulia.

Kocha akamwambia arushe juu zaidi. Baada ya sevu kadhaa vilele viwili vikaanza kuachana.

"Kesho," kocha akasema, "niletee cha nyonga na cha kifua tu."