Tabora kwa Miguu, Asubuhi Baada ya Mvua

Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba ilishuka Tabora usiku kucha, na jua lilikuwa halijachomoza fundi mzee alipopiga hodi. Alikuwa ametuahidi kwa muda mrefu kututembeza tuyaone majengo ya kale, lakini kila tulipopanga safari wakati wa kiangazi alikataa. "Kiangazi kila ukuta ni mzima," alisema. "Subirini inyeshe, ndipo mtajua nyumba ipi ilijengwa na mtu aliyefikiri." Tulikuwa wachache tu: mwalimu wa historia, vijana wawili wanaojifunza uashi, na mimi mwenye daftari.

"Mwangaluka, Babu," kijana mmoja alimwamkia.

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Timazi umechukua?"

Alikuwa nayo, ile kamba yenye kizito ya kupimia unyoofu wa ukuta. Tulikuwa pia na futi ya chuma na tochi. Tochi si ya gizani. Ukiibana kandokando ya ukuta ili mwanga upite sambamba nao, kila tumbo na kila ufa hutupa kivuli, na ukuta uliodhani umenyooka unaonyesha mahali ulipovimba. Mchana wa saa sita ni vigumu kuangalia, kwa kuwa jua ni kali. Anayetaka kuangalia majengo Tabora atoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, awe amemaliza ya nje kabla ya saa nne.

Tulianzia stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Jengo la stesheni ni la Wajerumani, lenye paa lililoinuka na kuta za pembetatu zinazolifunga mwishoni. Mzee hakutuonyesha paa kwanza, alituonyesha chini. Mvua ya Tabora ni kati ya milimita 900 na 1,000 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Novemba na Aprili, mara nyingi kwa ngurumo za muda mfupi. Ukuta unapigwa kwa nguvu saa moja, kisha jua linauoka. Paa lenye mwinuko mkali, lililotokeza mbele ya ukuta, hulitupa tone mbali na msingi, na pale chini utaona mstari ambapo matone yamechimba. Mstari huo ukiwa mbali na ukuta, jengo liko salama. Ukikaribia ukuta, rangi ya chini itabanduka kwanza, kisha lipu, kisha tofali. Kwa stesheni hilo ndilo la kujifunza. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwanza. Boma la Wajerumani tulilipita kwa mbali bila kutoa hata simu, kwa sababu liko mikononi mwa jeshi.

Barabara za mji wa zamani zina miembe mikubwa, na watu husema misafara ya pwani ndiyo iliyoieneza hadi huku bara. Ni bustani ya mji mzima, maana kivuli chake ndicho kinachofanya matembezi ya mchana yawezekane. Hata hivyo mwembe na nyumba ya udongo havipendani vikikaribiana. Mizizi hufyonza unyevu chini ya msingi wakati wa kiangazi, udongo unasinyaa, mvua ikija unavimba tena, na ukuta unapasuka kuanzia kona ya dirisha kwenda juu. Majani nayo hujaa kwenye njia za maji za paa. Mzee alikuwa na kipimo chake: mche wa mwembe usiupande karibu na ukuta kuliko urefu wa nyumba mbili.

Katika mtaa mmoja tulizunguka nyuma ya msikiti wa zamani, mdogo, ambao kwa mbele ungeudhani nyumba ya kawaida. Nyuma ndiko unakojitambulisha. Ukuta wa kaskazini una uvimbe wa nusu duara unaotoka nje: ndiyo mihirabu, anaposimama imamu. Kutoka Tabora, Makka iko kaskazini ikielekea mashariki kwa digrii kama 14, kwa hiyo kuta za msikiti hazikufuata barabara. Mwalimu alisimama katikati ya njia akanyoosha mkono sambamba na mtaa, kisha sambamba na ukuta, na tofauti ikaonekana wazi. Pembe ile iliyobaki kati ya msikiti na barabara ilikuwa imewekwa benchi la udongo, mlimau, na mtungi wa maji. Kwangu hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote vya mji: mahali palipobaki kwa sababu ya hesabu ya kibla, pakageuzwa bustani. Kijana wa uashi aliona jambo jingine. Kijipaa cha mihirabu kinapokutana na ukuta mkubwa palikuwa na doa jeusi la unyevu. Maungio ya namna hiyo ndiyo huvuja kwanza, kwa sababu ukuta mrefu na ule mfupi havitui kwa kasi moja, na ufa wa upana wa unywele unatosha kuingiza maji.

Kutoka hapo tulishika njia ya Kwihara, kusini magharibi mwa mji, kilomita sita hivi. Tulipita mashamba yaliyokuwa yakianza kulimwa, na kabla ya kufika tulikuta gofu la tembe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo, kando ya njia. Paa lilikuwa limeanguka nusu, na kwa ajili hiyo mzee alikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nyumba nzima haikuonyeshi namna ilivyojengwa. Gofu linakuonyesha.

Ukuta ulikuwa na mistari ya mlalo, umbali wa nusu mita kati ya mmoja na mwingine. Kila mstari ni siku ambazo fundi aliacha kazi. Udongo wa kukandika unainuliwa kwa tabaka, linaachwa likauke, ndipo linakuja lingine. Ukiharakisha, tabaka la chini linatambaa kwa uzito. Tulipima unene: sentimita 52. Juu ya ukuta zililala boriti zilizopangwa karibu karibu, juu yake fito za kukatiza, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo ulioshindiliwa.

"Sasa niambieni," mzee alisema, "kwa nini vyumba vya tembe ni virefu na vyembamba?"

Kijana mmoja akajibu kwamba ni desturi. Mzee akatikisa kichwa, akamwomba mwalimu daftari. Udongo mkavu ulioshindiliwa una uzito wa kilo 1,600 hadi 1,800 kwa mita ya ujazo. Tabaka la sentimita 20 ni kilo 320 hadi 360 juu ya kila mita ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa sita kinabeba karibu tani sita kichwani, na hapo mvua haijanyesha. Boriti ya msituni ikizidi mita tatu inaanza kupinda katikati, ikipinda inafanya bakuli, bakuli likishika maji udongo unazidi uzito, na boriti inapinda zaidi. Hivyo ndivyo paa lile lilivyoanguka. Boriti zilizovunjika zilikuwa zimekatika katikati, si kwenye ukuta. Chumba kinaweza kurefuka upendavyo, ila upana wake unaamuliwa na mti.

Na mti wenyewe si wowote. Mninga na mkola huvumilia mchwa kwa miaka mingi. Mti laini huliwa ukiwa ndani ya udongo bila mtu kujua, kwa sababu mchwa hutembea gizani. Mzee aligonga kila ncha ya boriti kwa jiwe. Iliyo nzima inalia kavu. Iliyoliwa inanyamaza.

Paa la tembe huonekana bapa, lakini si bapa kweli. Lina mwinamo wa sentimita mbili au tatu kwa kila mita, kuelekea kwenye milizamu, yaani vile vidomo vya mti vinavyotema maji nje. Mlizamu utoke angalau nusu mita mbele ya ukuta. Ukiwa mfupi, upepo unarudisha maji ukutani na unaona mfereji umechorwa kutoka juu hadi chini, kama tulivyouona kwenye gofu lile. Baada ya kila mvua kubwa mtu hupanda juu, lakini si mara moja. Udongo ukiwa chepechepe, mguu unaukanyaga hadi kwenye nyasi. Ukiwa umekauka kabisa, ufa haukubali kuziba. Unangoja ufikie hali ya unyevunyevu, ndipo unashindilia na kuziba nyufa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Miche iliyoota juu ing'olewe ingali na majani mawili.

Mwalimu akauliza kwa nini watu walijitwika kazi hiyo yote badala ya kuezeka nyasi. Mzee akamrudishia swali: "Mirambo alipokuja, nini kiliungua?" Agosti 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, aliushambulia mji wa Tabora na sehemu yake ikateketea, Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, wakati huo alikuwa Kwihara, akijiandaa kujihami ndani ya tembe. Paa la udongo halishiki moto kwa urahisi. Tani sita zile zilikuwa pia ngao.

Karibu na gofu palikuwa na nyumba inayokaliwa, ya udongo, iliyopigwa lipu ya saruji. Mwenye nyumba alituruhusu tugonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Kimo cha goti kwenda chini ulitoa sauti ya utupu. Saruji haipumui, unyevu unaopanda kutoka ardhini unafungiwa nyuma yake, udongo unageuka unga, na lipu inabaki imesimama peke yake hadi siku inapodondoka kipande kizima. "Mama, usiibandue yote kwa pamoja," mzee alimwambia. "Anza na kimo cha mikono miwili kutoka chini, wakati wa kiangazi, ukandike kwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha upake chokaa. Na ujenge baraza." Baraza ni kiatu cha ukuta. Tone linaloanguka chini huruka na kupiga ukuta hadi kimo cha shubiri moja na nusu, na baraza likiwepo ndilo linalopigwa. Kulitengeneza baraza ni kazi ya asubuhi moja, na msingi uliolika hautengenezeki kwa asubuhi moja.

Tulifika Kwihara jua likiwa limepanda. Tembe lile alimokaa Stanley, ambalo leo ni makumbusho, ni la rangi ya udongo mwekundu iliyokolea, paa bapa, kuta nene, vyumba vikizunguka ua. Livingstone, mpelelezi Mskoti, alikaa hapa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani, na mwaka uliofuata watumishi wake akina Susi na Chuma walipita Kwihara wakiwa wameubeba mwili wake. Wageni wengi hukimbilia ndani kwenye ramani na picha. Sisi tulisimama mlangoni.

Mlango wake ni wa nakshi za pwani, nao unasomwa kuanzia kwenye fremu. Pembeni miimo miwili, juu kizingiti, chini kizingiti kingine unachokivuka kwa kuinua mguu. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa zamani wa Kiarabu; cha upinde kilikuja baadaye kwa mkono wa mafundi wa Kihindi. Katikati kuna mfaa, mti uliosimama wenye nakshi, nao umepigiliwa kwenye bawa moja tu kati ya mabawa mawili ya mlango, ukifunika ukingo wa bawa la pili kwa nje. Kwa kuwa mlango unafunguka kwenda ndani, bawa lisilo na mfaa lazima litangulie. Wageni husukuma lile lenye mfaa, likikataa wanasukuma kwa bega, na mfaa unalegea.

Milango ya aina hii haikuwa na bawaba. Kila bawa lina ncha juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Tundu la chini linakusanya maji na vumbi, na hapo ndipo uozo unapoanza. Ncha ikilika, bawa linashuka na kukwaruza kizingiti. Wengi huchukua randa wakapunguza bawa chini, na mlango unafunguka vizuri kwa msimu mmoja, kisha unashuka tena, na nakshi ya chini imekwishakatwa. Wengine hupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Inaziba michoro na kuifanya yote nyeusi.

Njia sahihi mzee aliwaeleza vijana akiwa amechuchumaa mbele ya kizingiti, huku mlinzi wa makumbusho akisikiliza. Bawa linyanyuliwe na watu wawili, mmoja kila upande, bila kulilazimisha. Tundu lisafishwe hadi kwenye mti mgumu. Ndani yake kiwekwe kipande cha mninga uliokaushwa kivulini, unene sawasawa na kiasi bawa lilichoshuka, na chini yake kitobolewe kijitundu cha kutolea maji nje. Mlinzi aliomba kipimo hicho kiandikwe kwenye karatasi. Nikachana ukurasa wa daftari, mzee akachora kipande chenyewe kwa ukubwa wake halisi, akaandika pembeni: sentimita 3, nyuzi za mti zisimame.