Mazimwi Yaliyosogezwa kwa Vidole

Pambano la viunzi vya mifupa katika Jason and the Argonauts, filamu ya mwaka 1963, halichoshi. Wanaume watatu, viunzi saba, dakika kama nne. Ray Harryhausen, fundi aliyesogeza vikaragosi kidogo kidogo kwa mkono na kuvipiga picha moja moja, alilisumbukia miezi minne na nusu, na kwa wastani siku moja ilimpa fremu 13, yaani picha 13. Sinema hupitisha fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kutwa nzima ya kazi ilizaa nusu sekunde na ushee.

Hesabu yake iko hivi. Kila kiunzi kina sehemu tano za kusogeza: kichwa, mikono miwili, miguu miwili. Kwa viunzi saba, hiyo ni miondoko 35 kabla kamera haijabonyezwa mara moja. Juu ya hapo, kila upanga lazima ukutane na upanga wa mwigizaji aliyekwisha kupigwa picha miezi kadhaa nyuma. Mwigizaji huyo alifanya mazoezi na watu wa kweli, kisha wakaondolewa, akabaki akipigana na hewa na kukumbuka mkono wake ulikuwa ukikomea wapi. Mkono ukipitiliza, basi umepitiliza; kiunzi ndicho kitakachoufuata ulipo.

Ndani ya zimwi la namna hii kuna mifupa ya chuma yenye viungo vya gololi. Gololi hukaa kati ya vibao viwili vya chuma, na skrubu huvibana. Ufundi wote uko kwenye kubana huko. Kiungo kikilegea, mkono hushuka wenyewe kati ya fremu na fremu. Kikikazwa mno, ukigusa kidole tu bega nalo linasogea. Baba yake Harryhausen, Fred, alikuwa fundi wa mashine, na ndiye aliyemchongea mwanawe vyuma hivi kwa miaka mingi. Mazimwi yenye nyama huvikwa mpira wa povu uliomiminwa kwenye kalibu na kuokwa kwenye oveni. Vile viunzi vya mifupa, vyenye urefu wa sentimeta 20 hadi 25 hivi, vilijengwa kwa pamba na utomvu wa mpira juu ya chuma. Miguu hukazwa kwa skrubu kutoka chini ya meza, kupitia matundu. Bila hivyo, zimwi linaloruka lingeanguka katikati ya hatua, na picha hiyo ingeanzwa upya.

Kumweka zimwi miongoni mwa watu ni kazi nyingine. Filamu ya waigizaji hurushwa kutoka nyuma kwenye skrini ndogo, fremu moja moja, na kikaragosi husimama mbele yake. Kati ya kamera na meza huwekwa kioo kilichopakwa rangi nyeusi sehemu ya chini, ili ardhi ya mbele isishike kwenye filamu. Zimwi likishamaliza miondoko yake, filamu hurudishwa mwanzo ndani ya kamera, kioo kinabadilishwa kwa kingine kilicho kinyume chake, na ile ardhi pekee ndiyo inayopigwa. Sasa zimwi lina majabali nyuma na mchanga mbele. Kamera ikisogea unywele mmoja, mstari wa maungio unaonekana. Umeme ukipungua, taa inafifia na picha inapepesuka. Tena, filamu iliyopigwa mara ya pili huwa na chembechembe zaidi na rangi yake hubadilika, ndiyo maana mtazamaji makini huhisi zimwi linakuja kabla halijatokeza. Hilo kwangu halipunguzi utamu hata kidogo.

Kitu kinachoyafanya mazimwi haya yasisahaulike, naamini, ni kukosa ukungu. Mkono wa mtu ukipita haraka mbele ya kamera, kila fremu huuonyesha umefifia kingo. Kikaragosi kinapigwa kikiwa kimetulia, kwa hiyo kila fremu ni kali, na jicho linaona mwendo usiofanana na wa kiumbe yeyote aliye hai. Kwa viunzi vya wafu, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa Talos, lile sanamu la shaba katika filamu hiyohiyo, Harryhausen aliufanya mwendo uwe mkavu zaidi makusudi. Shaba haikunjiki kama nyama. Na Kong, sokwe mkubwa wa filamu ya King Kong ya mwaka 1933, kazi ya fundi Willis O'Brien, manyoya yake ya sungura yanatikisika mwili mzima kwa sababu vidole vya mafundi viliyagusa kila fremu. Unaona kazi ya mkono, na bado unamwonea huruma sokwe.

Mwaka 1981 njia mbili zilikutana kwenye kumbi za sinema. Joka la Dragonslayer lilisukumwa na mota zilizoongozwa na kompyuta wakati kamera ikiwa wazi, hivyo likapata ukungu wa kweli, nalo ni zuri sana. Medusa wa Clash of the Titans alisogezwa kwa vidole, pamoja na nyoka wote wa kichwani. Anajikokota gizani kwa mikono, mkia ukifuata nyuma, na kila anapogeuza uso unaona kwamba kuna mtu aliyeamua ageuke hapo.