Hoboken hadi Zeebrugge: njia ya nyambizi za vipande

Tulianzia Hoboken, kando ya mto Schelde, kusini kidogo ya Antwerp, Ubelgiji. Hapa ndipo zilipoteremshwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nyambizi za Kijerumani za aina ya UB I. Zilijengwa Kiel na Bremen, zikafunguliwa, na kila moja ikaja kwa reli juu ya mabehewa ya wazi manane. Mafundi waliziunga hapa kwa ribiti, kazi ya wiki mbili tatu. (Wa Kigoma hawatashangaa: meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka huohuo.)

Behewa ndilo lililoamua umbo. Upana uliishia mita 3.15, urefu 28. Nafasi ikatosha dizeli moja ya silinda nne, nguvu farasi 60, mota ya umeme ya nguvu farasi 120, na rafadha moja. Ikiharibika hiyo, hakuna ya akiba.

Tulikwenda Brugge kwa treni kupitia Gent. Nyambizi zenyewe zilivutwa majini, mtoni na mferejini. Kutoka Brugge ni bora kutembea. Mfereji umenyooka kilomita 12 hivi hadi kwenye lango la maji la Zeebrugge, na upepo wa bahari haukuachi usoni.

Ukifika pwani ndipo hesabu inapokuwa chungu. UB I ilikwenda noti (maili za baharini kwa saa) 6 na nusu juu ya maji, 5 na nusu chini. Mkondo wa Mlango wa Dover hupita noti 3 bamvua linapokuwa kubwa, hivyo nusu ya mwendo huliwa. Kuifukuza meli ya mvuke ilikuwa ndoto. Nahodha aliotea tu, meli imjie.

Kibaya zaidi kilikuwa kufyatua. Topido, yaani kombora la majini, lilikuwa na uzito wa kama robo tatu ya tani. Likitoka, maji ya kufidia uzito huo yalichelewa kuingia, pua ikainuka na mnara ukachomoza mbele ya adui. Dawa ilikuwa mabaharia kukimbilia mbele, waikandamize pua kwa miili yao. Matopido yalikuwa mawili tu. Yakiisha, ni kurudi.

UB-4, mojawapo ya nyambizi hizi, iliizamisha meli ya mvuke Harpalyce Aprili 1915. Agosti 15 ikaikaribia Inverlyon, jahazi la uvuvi lililoficha mzinga, ikazamishwa na watu wake wote.

Aina iliyofuata, UB II, ilirefushwa hadi mita 36, ikapewa injini mbili na rafadha mbili. UB-10, ya aina ya UB I na ya kwanza kufika Flanders (eneo hili la pwani ya Ubelgiji), Wajerumani waliizamisha wenyewe Oktoba 1918 nje ya Heist, mashariki tu ya gati la Zeebrugge.