Karoti za Anti wa Lajpat Nagar

Jirani wa juu kaunguza maziwa jana usiku. Harufu ikashuka ngazi, ikaingia mpaka chumbani kwangu, na kabla sijawaza kwamba mtu aamshwe azime jiko, mimi nilishafika Delhi. Wengine wakinusa maziwa yaliyoshika chini wanakumbuka uji wa shule. Mimi nakumbuka karoti.

Ni Januari 2013, ile safari ya kumpeleka Mzee, baba yetu, akapasuliwe valvu ya moyo. Habari za vibali na michango sizirudii, wanaonijua wanazijua. Enzi zile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa haijafunguliwa, na mtu akiambiwa moyo wake unataka kufunguliwa, mara nyingi kinachofuata ni pasipoti. Tukapanga chumba Lajpat Nagar, kusini mwa Delhi, mtaa uliojaa wagonjwa waliotoka nchi za nje na wanaowauguza. Waafghani ndio waliokuwa wengi. Hata maduka ya dawa yalikuwa na vibao vya Kifarsi, na asubuhi ulinunua mikate yao mirefu ingali moto. Ukungu mpaka saa tano. Baridi ambayo mtu wa Tanga hana nguo yake.

Mwenye nyumba tulimwita Anti, kama walivyomwita wapangaji wote. Mpunjabi, mjane, umri sabini na ushei, shali mbili begani na daftari mkononi. Kila kitu kiliingia kwenye lile daftari: ndoo ya maji moto, shuka la ziada, chai iliyozidi. Mzee, aliyestaafia ukarani wa bandari, alimpenda kwa ajili ya daftari tu. "Huyu angenifaa sana kule ofisini," alisema siku ya kwanza, tena akamwomba ampe aone mistari alivyoipiga.

Kero kubwa ya Anti ilikuwa gesi. Septemba 2012 serikali ya India ilitangaza kwamba kila nyumba itapata mitungi sita tu kwa mwaka kwa bei ya ruzuku, ya ziada ununue kwa bei ya soko, na Anti akilisimulia jambo hilo sauti yake ilikuwa ya matangani kabisa. Ukichemsha yai, anakuja kusimama mlangoni. Halali yake, jiko lilikuwa lake. Lakini yai lenyewe unalila bila raha.

Mzee alipasuliwa Ijumaa. Jioni wakatuambia kazi imekwenda vizuri, wakamlaza chumba cha mahututi, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya kuuguza ugenini. Hakuna mkeka wa kutandika ukumbini, hakuna shangazi mwenye chupa ya chai. Ndugu mmoja, dakika chache asubuhi, dakika chache jioni, umefunikwa viatu na mdomo. Muda wote uliobaki nenda kwako, ukihitajika utapigiwa. Jumamosi asubuhi nikamwona: mirija kila upande, macho yamefumba, mashine inaandika mistari yake ya kijani. Muuguzi akanigusa bega. Nikarudi Lajpat Nagar kwa bajaji, sijui pa kuiweka mikono yangu.

Anti alikuwa juu ya paa, kwenye jua. Ukungu ukishaondoka, Delhi ya majira ya baridi huhamia kwenye mapaa: nguo zinaanikwa huko, magodoro huko, wazee huko, njegere zinamenywa huko. Mbele yake palikuwa na lundo la karoti. Si hizi zetu za Lushoto, nene za rangi ya chungwa. Zile ni ndefu, nyembamba, wekundu wake unakaribia damu ya mzee, zinakuja na baridi na zinaondoka nayo. Amezinunua kwa mwenye mkokoteni, na nilikwisha kumwona anavyonunua: anavunja moja mbele ya muuzaji, anatazama ndani, halafu ndipo anaanza kugombana bei.

Hakuniuliza Mzee anaendeleaje. Hilo nimelirudia kichwani miaka yote hii. Alinitazama usoni, akanisogezea gunia la kukalia, akanipa cha kukunia na sinia. "Beti, kaa." Binti, kaa.

Kesho yake ilikuwa Lohri, sikukuu ya Wapunjabi ya tarehe 13 Januari. Wanawasha moto nje usiku, wanatupia humo bisi na karanga na ufuta, wanauzunguka wakiimba. Nyumba iliyopata mtoto ndani ya mwaka ule, Lohri yake huwa kubwa kuliko za wengine, na Anti alikuwa na mjukuu wa kiume wa miezi mitatu. Jamaa wote wanakuja. Mkwe ananyonyesha, msichana wa kazi kaenda kwao, vidole vya Anti vimepinda kwa baridi yabisi. Karoti za halua, kilo nne.

Nikakuna. Karoti zile zina moyo wa njano katikati, mgumu, hauna utamu, hautakiwi kwenye halua. Unakuna ubavu mmoja, unazungusha, unakuna mwingine, mpaka unabaki na moyo mtupu mkononi, unautupa kando. Najua mnapotaka kunipeleka. Siku ile sikuwaza hivyo hata kidogo. Nilikuwa nawaza ngozi ya vidole vyangu, maana bati lile halikuwa linachagua kati ya karoti na mtu.

Anti akawa anazungumza, nusu Kihindi, nusu Kiingereza, nami Kihindi changu ni cha sinema. Wazazi wake walitoka Rawalpindi mwaka 1947 India ilipogawanywa, na mtaa wenyewe ulijengwa kwa ajili ya wakimbizi kama wao. Nikamuuliza kama lile karai kubwa la halua lilikuja nao. Akanishangaa. Watu wamekimbia usiku, nani anabeba karai? Lilinunuliwa hapo hapo sokoni, na limekaa upande tangu siku lilipotoka dukani.

Saa saba mchana tukashuka jikoni. Anti, yule yule wa yai, akawasha jiko akafungua moto wote.

Karoti zikaingia, juu yake maziwa ya mafuta kamili, lita kwa kilo, anakata pembe za pakiti kwa meno. Mwanzoni hakuna la kutazama. Maziwa yanageuka waridi, povu linapanda, unalirudisha, nyuzi za karoti zinaelea na kuzama. Anti kaketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, neno lake moja: "Chalao." Koroga. Nikakoroga. Ikapita saa nzima, maziwa yakaanza kupwa, alama yao ikabaki ukingoni mwa karai, na hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Maziwa yakiwa mengi yanajilinda yenyewe. Yakipungua yanatafuta chini. Lazima mwiko upite kila mahali, na kwenye karai lililokaa upande kuna kona moja inayojificha, pale ndipo panapotaka kuungua, kila mzunguko urudi pale. Mkono wa kulia ukichoka unahamia wa kushoto. Mvuke unakuloweka uso. Sauti inabadilika: mwanzo ni mchemko wa kawaida, baadaye mapovu yanapasuka moja moja, mazito, yanakurukia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilikuwa na jambo ambalo nikilifanya vizuri linakwenda vizuri.

Simu ikalia. Kaka, kutoka Tanga. Nikaibana kwa bega.

"Mzee vipi?"

"Nimemwona asubuhi. Naenda tena jioni."

"Mbona kelele? Uko wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni unafanya nini?"

"Napika halua."

Kimya. Simu za nje wakati ule zilikuwa za vocha, kimya kina bei yake.

"Halua," akasema.

"Ya karoti," nikaongeza, sijui kwa nini nilidhani inasaidia.

Akakata. Nikabaki nimesimama, simu imebanwa shavuni, haina mtu. Anti hakuelewa neno hata moja, au alielewa yote. Hakuniuliza nani. Alinyoosha kidole kwenye ile kona ya karai. "Chalao, beti."

Sukari ikaingia mwisho kabisa, na hapo halua nzima ikarudi kuwa majimaji, nikaona nimedhulumiwa. Kumbe ndivyo ilivyo, sukari inazitoa karoti maji. Ukiitia mapema unapoteza muda wako. Nikaanza upya. Ikafuata samli, karoti zikainywa yote, zikaendelea kukaangika, mpaka samli ikaanza kujitenga pembeni, inang'aa. Khoya, yale maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa donge, akaivunjia humo kwa vidole vyake vibovu. Hiliki, lozi. Basi. Karoti zile zote hazikujaza hata nusu ya karai.

Akanipakulia kwenye kisahani, nikala nimesimama. Sisi halua tunayoijua inavutika, inateleza, unaishushia kahawa chungu. Ile ina punje, ina meno, na nyuma ya utamu mboga bado ipo, haijakubali yaishe.

Jioni nikaenda hospitali na viganja vya rangi ya karoti. Muuguzi wa mlangoni akanirudisha ninawe tena, kisha akaninusa waziwazi, akaniuliza kama ni ya nyumbani au ya duka. Ndani, Mzee alikuwa amefumbua macho. Sisemi ni kwa sababu ya halua. Nasema tu yalifuatana.

Kaka hajanisamehe sawasawa mpaka leo. Tukikosana juu ya jambo lolote, hata kodi ya kiwanja, halua ya karoti itaingia. Namwelewa. Nami nimemtetea Anti kwa watu kwamba alinionea huruma, aliona mtu anayekaribia kupotea akampa kazi ya mikono, na akaiunguzia gesi yake ya dhahabu. Halafu usiku najiuliza: na kama alikuwa na kilo nne za karoti, wageni arobaini na vidole vilivyopinda? Kila ushahidi nilio nao unafaa pande zote mbili.

Mzee alitoka, tukakaa wiki kadhaa mpaka madaktari wakaruhusu ndege. Siku ya kuondoka, masanduku yako mlangoni, Anti akaja na kopo la halua mpya. Nani aliikuna, sikuuliza. Mkono wa pili daftari.

Mzee akavaa miwani, akatoa kalamu, akaanza kupiga vema mstari kwa mstari, wima kitandani na mto wake wa kifua pembeni. Kodi, vema. Maji moto, vema. Chai, akazihesabu, vema. Akafika chini, kalamu ikasimama.

"Hii gesi, rupia 150, Lohri. Ya nini?"

Nikamweleza. Karoti, karai, saa za moto. Anti kasimama anatutazama kwa zamu, anangoja fedha zake.

Mzee akapitia tena ukurasa wote, juu hadi chini, akageuza na nyuma yake.

"Sawa," akasema. "Na ujira wako wa kukuna, ameuandika wapi?"

Nikamwahi na ule mto aukumbatie kifuani kama walivyomfundisha, maana kicheko kilikuwa kimeshaanza kupanda.