Siku moja maishani mwangu: mi ndo nakagua kodi za wenzangu (sio za TRA)

Saa 12 asubuhi naamka hapa Chuno, Mtwara, chai na ming'oko iliyobaki jana, bajaji mpaka ofisini Shangani. Jirani anajua natengeneza kompyuta, juzi kaniletea pasi. Nishazoea.

Kazi yenyewe ni programu ya korosho. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, karani anaingiza kilo, mnada ukipita hela inatumwa akaunti. Saa 2 mpaka saa 4 vitu vidogo vidogo, hamna cha kusimulia.

Saa 4 kaka mmoja, mkubwa wetu wote na ndo alonifundisha kazi, kaleta kodi yake, yaani yale maelekezo ya programu aliyoyaandika, niipitie kabla haijaenda kutumika. Nafungua, nakuta namba ya akaunti kaihifadhi kama namba ya hesabu. Sasa akaunti kibao zinaanza na sifuri, na kompyuta ukishaiambia hii ni hesabu basi 0152 inakuwa 152, hela ikitumwa inagonga mwamba. Badala ya kuiweka kama maandishi yeye kaandika mstari wa kurudishia sifuri, kaubandika sehemu 11, ya 12 kaisahau, na hiyo ya 12 ndo ya malipo yenyewe!

Unamwambiaje mtu unayempa shikamoo kila asubuhi? Nikaandika "hii mbovu", nikafuta. Nikaandika "kaka samahani naomba unieleweshe hapa", nikafuta pia, maana uongo, nimeelewa vizuri tu. Nikaenda chooni, nikarudi, nikanywa maji. Yule Linus Torvalds aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alikuwa anawaporomoshea watu maneno makali mpaka Septemba 2018 akaomba radhi hadharani na kukaa pembeni kwa muda, sisi huku tunaandika "iko poa mkuu" af kwenye wali maharage tunamsema mpaka sahani zinaisha. Na mama wa Tandahimba anasubiri hela yake.

Mwisho nikaifuata meza yake. "Kaka, hebu tujaribu na akaunti ya bi mkubwa wangu." Akaandika mwenyewe, akabonyeza, ikatoka imepungua tarakimu moja. Akavua miwani, akazihesabu kwa kidole kwenye kioo, akarudia tena.

"Umeiona saa ngapi?"

"Saa 4."

"Saa hizi saa 7, dogo. Ulikuwa wapi?"

Nikakosa jibu. Mchana wote tukawa tunang'oa ile mistari, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, sijui hata nilikula saa ngapi, mgongo ukawa kama nimebeba magunia mwenyewe. Giza lishaingia ndo tunatoka, kaka kanilipia pweza pale Feri, hatujaongea kodi hata kidogo.

Saa 4 usiku niko kitandani simu inalia. Kafungua kodi yangu ya mwezi jana, kaacha maoni 9. La kwanza: "Hii uliandika ukiwa na njaa?"

Mengine ntasoma kesho.